Mbungo wa Nyuma ya Nyumba

Nyuma ya nyumba tuliyopanga Nyakato kulikuwa na jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe. Kwenye ufa wa jabali hilo uliota mkuyu, na juu ya mkuyu ulijizongazonga mbungo mpaka kileleni. Uliota wenyewe, hakuna aliyeupanda. Ni mti wa kutambaa, shina lake nene kama mkono wa mwanaume, na ukiukwaruza kidogo tu unatoa maziwa meupe yanayonata. Mabungo yenyewe ni ya duara kama machungwa, ganda lake gumu, na yakiiva yanageuka manjano. Ukilipasua bungo unakuta mbegu zimevikwa nyama yenye nyuzinyuzi. Unazifyonza moja moja, na uchachu wake unakufumba jicho.

Mimi sikuyapenda. Nilitoka Kagera, kwenye migomba, kwa watu ambao tunda lisilopandwa na mtu walimwachia nyani. Nasema hivi ili unijue mapema nilikuwa mtu wa namna gani. Watu wa kwetu tunasemwa kwamba tunajiona, na mimi sikuwahi kujitahidi kuwakanusha wanaosema.

Mume wangu alikuwa Msukuma wa Sengerema, fundi wa mashine kiwandani. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Mama mkwe kila akivuka ziwa kuja kututembelea alinitazama tumbo kwanza, uso baadaye. Akiondoka nilikuwa nalia chooni, kisha nanawa na kuendelea kupika.

Wifi yangu, yaani mdogo wa mwisho wa mume wangu, aliletwa kwetu alipofaulu kuingia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa ya mjini. Alikuja na sanduku la bati na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwakatwa na kukaushwa juani. Mama yake alikuwa ameiandaa kwa mikono yake. Niliuweka ule mfuko kwenye kona ya jiko mpaka ukaingia wadudu, nikautupa.

Lakini mwanzoni tuliishi vizuri, siwezi kusema uongo. Alitaka kuwa muuguzi katika hospitali ya kwao, na alianza kazi hiyo mapema, kwangu. Nilipougua malaria alinikanda kwa kitambaa cha maji usiku na mchana, akaniosha miguu, akaninywesha uji kwa kijiko. Alipovunja ungo alinijia mimi. Mambo hayo, kwao kama kwetu, binti hamwambii baba wala kaka. Humwambia bibi, au shangazi, au mke wa kaka. Nilichukua kanga yangu kuukuu yenye maua mekundu, nikaichana vipande vinne, nikamwonyesha namna ya kuvitumia na mahali pa kuvianika, chini ya nguo nyingine, jicho la mwanaume lisifike. Akanishukuru kwa kupiga goti.

Halafu ikaja miaka ile ya ruksa, kila kitu kinauzwa na kila mtu anauza. Kiwanda kikatangaza kwamba kinasubiri mwekezaji, na wakati kinamsubiri hakikuwa na haja ya mafundi. Mume wangu akapunguzwa. Mimi nilikuwa na cherehani, nikiwashonea wanawake wa mtaani. Mitumba ikashushwa kwa marobota, gauni la Ulaya likauzwa kwa bei ya uzi wangu. Cherehani nikaifunika kwa shuka. Tukawa watu wa mapanki. Viwanda vya samaki vilikata minofu ya sangara ikapelekwa ng'ambo, sisi tukauziwa kichwa na mifupa, tukavikaanga mpaka vikavunjikavunjika, tukala na ugali.

Sufuria ilikuwa mikononi mwangu. Nilipakua kwanza kwa mume, kwa sababu ni mume, hata kama siku nzima alishinda anacheza bao. Kisha mimi. Kisha wifi. Sikumnyima. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu mtu anayenyima hujulikana na husutwa. Nilimpunguzia. Ugali wake ukawa mdogo, halafu ukawa wa kuonja. Chai ya asubuhi nikaifuta. Sukari nikaifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa kidato cha tatu wakati huo, msichana anayekua, na aliondoka alfajiri kwa miguu na kurudi saa tisa. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angelalamika ningepata cha kumjibu.

Akaanza kula mabungo.

Akirudi shuleni alipita moja kwa moja nyuma, akapanda jabali na sare yake, akakaa huko juu na karatasi ya chumvi. Alikula matano, sita, mpaka midomo ikanata kwa utomvu. Utomvu wa mbungo haukubali sabuni. Unakauka kwenye nguo na kuwa doa jeusi. Blauzi yake nyeupe ikajaa madoa kifuani, nami nikamgombeza kwa ajili ya sabuni. Msimu ulipopungua akala hata mabichi. Hayo kwenye tumbo tupu ni sumu. Mara mbili nilimsikia anatapika nyuma ya jabali, kisha anarudi ameshika kiuno, anachukua ndoo kwenda kuteka maji kama kwamba hakuna kitu.

Hata jirani alimsikia. Jirani yangu alikuwa mama wa watoto saba, ukuta wake umeungana na wetu, na masikio yake yameungana na kuta zote za mtaa. Alinikuta nachambua mchicha.

"Dada, wifi yako ana miezi mingapi?"

"Miezi ya nini?"

"Binti anakula mabungo kwa chumvi kila siku, anatapika nyuma ya jiwe, halafu unaniuliza miezi ya nini?" Akacheka. "Au kwa kuwa wewe hujapita njia hiyo?"

Aliondoka zake na kicheko chake, mimi nikabaki na mchicha mkononi. Kwetu sote kule ziwani, Mhaya na Msukuma, Mkerewe na Mjita, mwanamke anayetafuta vitu vikali, ukwaju, embe bichi, udongo wa kichuguu, hahojiwi. Anahesabiwa miezi. Na mimi kwa miaka yote ya ndoa nilikuwa natamani nitamani. Kuna siku niliramba ndimu kwa siri, nikingoja niione tamu, ikawa ndimu tu. Leo mtoto wa shule, anayekula ugali wangu, anatamani juu ya jabali la nyumbani kwangu. Niliona wivu, na sikujiuliza swali lingine lolote.

Nilimwambia mume wangu jioni ile ile. Nilingoja anawe mikono, ashike tonge la kwanza, ndipo nikasema.

Alimwita. Binti akaja akapiga magoti karibu na mlango.

"Nani?" mume wangu akauliza.

"Nani nini, kaka?"

"Mimba ni ya nani?"

Hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme kile ambacho yeye hakuweza kukisema mbele ya kaka yake, kwamba wifi anajua siku zangu, wifi ndiye aliyenipa vitambaa. Ukweli ni kwamba sikuzijua siku zake tena; tangu njaa iingie nyumbani nilikuwa nimeacha kumuuliza chochote. Nikatazama sufuria.

"Sina mimba, kaka."

"Mabungo unayala ya nini?"

"Njaa," akasema.

Neno hilo ndilo lililompigisha. Nadhani angetaja jina la mwanaume yeyote angepigwa kidogo. Lakini mwanaume aliyepunguzwa kazi haambiwi njaa ndani ya nyumba yake. Alimpiga kwa mkanda mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi sikuingilia. Niliondoa vyombo vya chakula visije vikamwagika.

Baadaye hasira zilipomshuka, mume wangu alisema tumpeleke hospitali akapimwe. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeaibika. Nikamwambia, "Akapimwe wapi? Wauguzi wana siri? Kesho shule itajua, keshokutwa mji mzima." Wakati ule msichana mwenye mimba alifutwa shule, hapakuwa na mjadala. "Mrudishe kwa baba yake kabla tumbo halijatoka. Huko watajua la kufanya." Naapa wakati nasema hivyo niliamini. Niliamini kwa siku tatu nzima.

Siku hizo tatu hakwenda shule. Alifagia, aliteka maji, aliosha vyombo. Hakupanda tena jabali. Mara kadhaa alisogea jikoni nilipokuwa peke yangu, akasimama, akafungua mdomo. Kila mara nilipata kazi ya kumtuma dukani au bombani. Sikutaka kusikia akinilalamikia. Hilo tu ndilo nililodhani anataka kufanya.

Jumamosi ya safari niliamka kukipambazuka, nikatoka kwenda chooni. Njia ya choo ilipita chini ya jabali, na saa hiyo nilipita mimi peke yangu, wote walilijua hilo. Kwenye shina la mbungo, usawa wa kifua changu, kilikuwa kimetandazwa kitambaa. Kimefuliwa muda huo huo, bado kinachuruzika maji. Niliyajua maua yake. Kilikuwa kipande kimoja cha kanga yangu kuukuu. Damu haikuwa imetoka yote, ilibaki kivuli cha kahawia katikati.

Nikasimama hapo. Mwenye mimba haaniki kitambaa cha namna hiyo. Nilishangaa pia jinsi alivyokiacha wazi, yeye niliyemfundisha kuficha, nikasema moyoni kwamba ni uzembe wa mtoto aliyechanganyikiwa. Hapakuwa na upepo kabisa asubuhi ile. Hata majani ya mkuyu hayakutikisika, na matone yalidondoka wima kwenye jiwe.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Mume wangu alikuwa ndani anafunga sanduku la bati kwa kamba. Zilikuwa hatua kama ishirini na neno moja tu la kusema, tumekosea. Nitasema nilichokiwaza, maana nimekwisha amua kusema. Niliwaza unga. Niliwaza kwamba kuanzia kesho ugali utakatwa mara mbili, siyo mara tatu. Nikamwaza jirani na kicheko chake, jinsi atakavyosambaza mtaa mzima kwamba yule tasa alimsingizia binti wa watu tumbo kwa wivu. Nikawaza kwamba nimekwisha sema, na mwanamke anayerudi nyuma na neno lake mbele ya mumewe haaminiwi tena.

Nikakivuta kile kitambaa, nikakikunja kikiwa kimelowa, nikakisukuma ndani ya ufa wa jabali mpaka mkono wangu ukaingia hadi kiwiko. Nikaenda chooni. Niliporudi nikawasha moto, nikachemsha maji, nikampikia chai yenye sukari, ya kwanza baada ya miezi mingi. Alikunywa yote.

Walipotoka na sanduku, yeye akageuka nyuma. Aliutazama mbungo, akanitazama, akautazama tena mbungo. Kisha akapiga goti.

"Kwa heri, wifi."

"Haya. Mama msalimie."

Wakaenda kupanda kivuko. Mume wangu aliporudi kesho yake nilimtaka aukate ule mbungo, nikamwambia umeileta aibu hii na utaleta nyingine. Alichukua panga akaukata chini kabisa. Utomvu ulitiririka kwenye jabali mpaka jioni, ukakauka ukawa ngozi nyeusi, na matawi yaliyobaki juu ya mkuyu yalikauka taratibu na mabungo yake mabichi. Watoto wa jirani waliyarushia mawe.

Sengerema hawakungoja tumbo. Baba mkwe aliona kwamba akingoja, atapata binti mwenye mtoto na hatapata mwoaji, kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja alimwoza kwa mfugaji aliyefiwa na mke, mwanaume wa umri wa kaka yangu mkubwa. Ng'ombe walikuwa wachache na wamekonda, maana mwenye kuoa alijulishwa kwamba binti ana kasoro na ndiyo sababu anatolewa haraka. Sisi hatukwenda harusini. Tulisema nauli hakuna, na kweli haikuwepo.

Aliacha madaftari yake chini ya kitanda. Niliyatumia kuwashia jiko. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala kidogo, na michoro ameipaka rangi za penseli. Mchoro wa moyo wa binadamu, pamoja na mishipa yake yote, nilichemshia maharage.

Miezi ikapita. Mitano, saba, tisa, kumi. Kila aliyetoka Sengerema alikuja na salamu, hakuna aliyekuja na habari ya mtoto. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya harusi, na kila mtu katika ukoo ule alikuwa na vidole vya kuhesabia. Mume wangu siku moja, akiwa anavaa viatu, alisema bila kunitazama, "Basi ile ya kwanza itakuwa iliharibika." Nikasema, "Itakuwa." Hatukuizungumza tena.

Halafu nikapata mimba.

Sijui kwa nini wakati ule na siyo kabla, na sitaki mtu anieleze. Mume wangu alikuwa amepata kibarua katika karakana ya malori karibu na Nyegezi, nyumba ilikuwa na unga. Mwezi wa tatu ikaja ile hamu niliyoiomba miaka mingi. Nikaletewa ukwaju, sikuutaka. Nikaletewa embe bichi, nikalitapika. Usingizini nilikuwa nasikia harufu ya mabungo. Asubuhi moja nilikwenda nyuma ya nyumba nikauangalia ule mbungo. Ulikuwa umechipua, mashina membamba yamefika nusu ya mkuyu, majani matupu. Niliyainua moja moja kama mtu anayetafuta yai la kuku. Nilijua hakuna kitu, nikaendelea kuyainua mpaka mikono ikanata.

Mama mkwe aliposikia habari ya tumbo aliagiza niletwe kwake nitunzwe. Nilivuka. Alinipokea kwa vigelegele, akanitandikia ngozi kivulini, akaniita mama kwa mara ya kwanza. Akaniuliza natamani nini. Nikataja.

"Mwenye tumbo hacheleweshwi," akasema. "Yuko mtu anajua yanakoota."

Sikuuliza ni nani. Nilijua.

Alikuja kesho yake mchana, ametoka kwa mumewe kwa miguu, mtoto mgongoni, kikapu kichwani. Alikuwa amekonda usoni na kukomaa mikono. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na mkono wa kushoto ulikuwa na mchubuko mpya kuanzia kiwiko hadi kifundo, maana mabungo mazuri hukaa juu. Akapiga goti.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Hongera."

Akakaa chini mbele yangu, akamhamishia mtoto mapajani, akaanza kupasua mabungo kwa jiwe na kunipa nusu nusu. Mama mkwe alituacha, akaenda kuwasha moto. Nilikula. Ee Mungu wangu, nilikula. Maji yalinichuruzika mpaka kwenye viwiko na sikuona haya.

"Wenzangu wa shule walimaliza, wifi?" akaniuliza.

"Walimaliza."

"Yupo aliyekwenda uuguzi?"

"Nasikia wawili."

Akatikisa kichwa, akampangusa mtoto kamasi kwa pindo la kanga. Alipasua bungo lingine. Alizungumza akiwa ameinama, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Wifi, ile asubuhi ya safari nilianika kitambaa kwenye mbungo. Mbele ya kaka nisingeweza kusema, na wewe kila nikija ulikuwa na kazi. Nikasema, wifi atapita kwenda chooni, atakiona, atanisemea."

Kinywa changu kilijaa mbegu.

"Nilipotoka sikukikuta," akasema.

Nilizifyonza zile mbegu mpaka zikabaki nyeupe. Nikazitema kiganjani.

"Sikukiona," nikamwambia. "Itakuwa upepo."

Aliinua macho akanitazama, siyo kwa muda mrefu. Kule nyuma mama mkwe alikuwa anapuliza moto na kukohoa. Mtoto alinyoosha mkono kuchukua ganda, mama yake akaushusha taratibu.

"Itakuwa upepo," akasema.

Akachagua kikapuni bungo lililoiva kuliko yote, akalipasua, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Nikalipokea. Nikamwomba chumvi.